Mbuzi Leo, Ng'ombe Mwaka wa Tatu

Ipo nchi moja, na ipo hadi leo, ila ramani zake hazichapishwi kwa sababu mpaka wake wa mashariki bado uko kwenye kamati. Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Kitopeni, na Kitopeni aliishi fundi magodoro aitwaye Shomari, mtu wa makamo, aliyefiwa na mke, akabaki na mama yake mzazi, Bi Mwanakheri, ajuza wa miaka themanini na kitu. Hicho kitu mwenyewe hakupenda kiulizwe.

Ukuta kwa ukuta na nyumba yao aliishi Mabruki kinyozi na mkewe Asumini. Shomari na Mabruki walizaliwa mwaka mmoja, wakasoma chuo kimoja, wakatahiriwa siku moja kwa wembe mmoja, na tangu siku hiyo Shomari aliamini kwamba Mabruki alijikaza asilie ili tu kumkomoa yeye. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini kila Mabruki alipopata jambo, hata likiwa jipu, Shomari alijiuliza kwa nini halikumtoka yeye kwanza.

Basi ikafika siku ya sherehe za kutimiza miaka ishirini tangu nchi hiyo ianze kujiandaa kuendelea. Wananchi walikusanywa uwanjani saa mbili asubuhi kumsubiri Waziri wa Kesho na Mambo ya Baadaye, Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Tegemea Ngwilizi. Alifika saa nane mchana, akapanda jukwaani, akafuta miwani yake kwanza pande zote mbili.

"Ndugu wananchi," alisema, "msidhani nimechelewa. Nilikuwa nawafundisha."

Wakapiga makofi.

"Serikali yenu, baada ya kufikiri kwa muda usiopungua, imeamua kuwapa zawadi. Kila kaya itajichagulia yenyewe, kwa uhuru kamili, ndani ya mistari miwili tuliyokwisha kuichora kwa chokaa. Anayetaka Sasa, atapewa mbuzi leo hii. Anayetaka Kesho, atapewa ng'ombe wa maziwa mwenye hereni ya shaba sikioni, na cheti. Kesho hiyo itafika baada ya miaka mitatu."

Mzee mmoja wa mbele akauliza kesho gani hiyo ya miaka mitatu.

"Kesho ya mtu binafsi ni siku moja," Waziri alijibu kwa upole. "Kesho ya taifa ina hatua zake."

Ili kuonyesha njia, viongozi walichagua mbele ya wananchi wote. Walichukua mbuzi, wapate kuwaelewa watu wa Sasa, na wakajiandikisha ng'ombe, wapate kuwaongoza watu wa Kesho. Mbuzi wao walipakiwa kwenye lori mapema, kwa sababu ya jua.

Bi Mwanakheri alikuwa amemshika mwanawe mkono. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama.

"Shomari, chukua mbuzi," alisema. "Nimetamani supu."

"Supu ya siku moja, mama! Ngoja ng'ombe. Utakunywa maziwa kila asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

"Miaka mitatu si mingi."

"Kwako si mingi. Kesho yako ndefu, mwanangu. Yangu mimi naivuka kwa hatua moja."

Maneno hayo yalimwingia Shomari, na ukweli lazima usemwe: alikwisha geuza mguu kuelekea mstari wa mbuzi. Ndipo alipomwona Mabruki. Mabruki alikuwa kwenye mstari huo huo, wa tatu kutoka mbele, anacheka na watu wasiomjua, anapiga mluzi kumwita mbuzi ambaye bado hajawa wake. Shomari akapiga hesabu ya haraka: akiingia hapo, atasimama nyuma ya Mabruki. Na tena mbuzi wao watalingana. Mguu ukarudi wenyewe.

"Tunachukua ng'ombe," alimwambia mama yake. "Sisi si watu wa kupapia."

Waliochagua Kesho wakapewa jina la heshima, Wastahimilivu wa Taifa, na mshipi wa kijani wa kuvaa begani. Waliochagua Sasa hawakupewa mshipi. Kwenye daftari la wizara waliandikwa Wapapiaji. Kisha Wastahimilivu wakala kiapo, mkono wa kulia tumboni: "Naona, sitamani. Nikitamani, sisemi. Nikisema, nasema kesho."

*

Mbuzi wa Mabruki hakuifikia magharibi. Shomari alikuwa barazani kwake anachambua sufi ya godoro aliposikia mlio, halafu kimya, halafu kisu kinanolewa tena. Harufu ya kwanza ilikuwa ya manyoya yanayobabuliwa motoni. Ya pili ilikuwa ya vitunguu. Ya tatu Shomari hakutaka kuijua. Akaingia ndani akafunga dirisha. Lakini dirisha lenyewe lilikuwa la nyavu.

"Mama, tukumbuke ni ng'ombe," alisema. Hakujibiwa. Aligeuka, akaona kitanda cha mama yake kitupu na bakora haipo.

Alimkuta kwenye benchi ya Mabruki, katikati ya mtaa mzima. Ameshika bakuli kwa mikono miwili, midomo inang'aa mafuta, na kwenye kidevu kuna kipande cha limau ambacho hakuna aliyethubutu kumwambia. Mabruki alikuwa amepiga magoti mbele yake anamtolea uboho kwenye mfupa kwa kijiti cha kibiriti.

"Karibu, jirani!" Mabruki alipaza sauti. "Njoo kabla hakijapoa."

"Mimi ni Mstahimilivu," Shomari alisema, akiuweka sawa mshipi. "Sheria hainiruhusu kuonja cha Mpapiaji."

"Basi nusa tu. Au kunusa nako kuna kifungu?"

Watu wakacheka. Bi Mwanakheri naye alicheka, kicheko ambacho Shomari alikuwa hajakisikia tangu msiba wa baba yake. Kisha akamwambia Mabruki, "Mwanangu, niongezee kidogo."

Mwanangu. Shomari alirudi kwake akapiga sufi kwa fimbo mpaka vumbi likamjaa puani.

Alijifariji kwa jambo moja: mbuzi ni mnyama, na mnyama ana mwisho. Asubuhi yake aliamka na furaha, akasimama mlangoni kuangalia mifupa mitupu uani kwa jirani. Mbuzi kaliwa wote, hata kichwa, hata utumbo. Ngozi ilikwisha pelekwa kwa mwamba ngoma. "Haya," Shomari alijisemea, "sasa tuone Mabruki atakula nini."

Saa nne muuza samaki alipita na mafungu mawili ya vibua. Alikuwa amekula mguu wa nyuma jana yake, na hakupenda deni la fadhila. Saa sita akaja mwenye shamba la mihogo. Mama ntilie wa sokoni, aliyekula maini, alileta sufuria ya maharage ya nazi, akasema alipika mengi kwa makosa. Alifanya makosa hayo hayo Jumatano. Fundi seremala, aliyekula shingo, aliirefusha benchi ya kinyozi bure ili apate pa kukaa. Mwezi ukaisha, na mbuzi aliyeliwa siku moja akawa bado analisha nyumba ya Mabruki na kila aliyepita mbele yake na njaa.

Naye Bi Mwanakheri alikuwa wa kwanza kufika. Mwanzo alikwenda Ijumaa. Baadaye Ijumaa na Jumanne. Baadaye Shomari aliacha kuhesabu, maana siku zilikwisha.

Si kwamba hakumlisha mama yake. Alimpikia uji wa mtama kila asubuhi, mzito, wenye pilipili manga. Bi Mwanakheri aliunywa kwa adabu, kama mgeni anayesubiri nafasi ya kuaga. Halafu bakora ililia ko, ko, ko mpaka upande wa pili, na kupitia ukutani Shomari alisikia, "Mwanangu Mabruki, leo kuna nini?"

Wivu ulimlia taratibu kama mchwa. Aliacha kunyolewa na Mabruki, akaenda kwa kinyozi wa mtaa wa tatu aliyekuwa na jicho moja zima, akarudi na kichwa chenye ngazi. Alianza kuhesabu vicheko vya jirani kwa vifundo kwenye uzi wa kushonea. Siku yenye vifundo vingi hakulala vizuri, na yenye vifundo vichache alilala vibaya zaidi, kwa kuwaza wanachonong'ona.

*

Mwaka wa tatu ulipoanza, wizara ilimtuma Mkaguzi wa Subira, Bwana Kasembe, kupima kama Wastahimilivu bado wanastahimili. Alikuwa mtu mnene, mwenye saa mbili mkononi na mkoba wa ngozi. Aliingia kwa Shomari, akaketi, akafungua mkoba, akatoa sambusa tatu za nyama zilizofungwa kwenye gazeti. Aliziweka mezani mbele ya Shomari akazitazama saa zake.

"Usizitazame," alisema.

Shomari akatazama dari.

"Na usiitazame dari kama mtu anayewaza sambusa."

Dakika ishirini zilipita. Nzi mmoja alitua juu ya sambusa ya katikati, akafukuzwa kwa barua rasmi. Hatimaye Bwana Kasembe akagonga muhuri kwenye daftari la Shomari: AMESTAHIMILI KWA KURIDHISHA. Kisha akazila sambusa zote tatu, kwa kuwa kielelezo cha serikali hakiwezi kuachwa kiharibike.

Alikuwa anajifuta mikono wakati kicheko kilipopenya ukutani, cha Mabruki kikitangulia na cha Bi Mwanakheri kikifuata.

"Nini hicho?" Mkaguzi aliuliza.

Shomari angeweza kusema ni majirani. Neno moja lingetosha. Badala yake alikwenda kwenye cherehani, akavuta mtoto wa meza, akatoa kibunda cha nyuzi zenye vifundo.

"Mzee," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa utamu wake, "nilikuwa naomba kuuliza. Mtu anayefurahi kila siku mbele ya watu wanaongoja, huyo sheria inamwitaje?"

Bwana Kasembe akafungua kalamu. Alieleza kwamba serikali haipendi majungu hata kidogo, na ndiyo sababu kila jungu hupokelewa kwa maandishi. Jina la mlalamikaji halitajwi. Ataitwa Mwananchi Mwema wa Kumi na Nne.

Shomari aliandika kurasa sita. Alianza na vicheko na harufu zinazovuka mpaka, na hapo angeweza kuishia. Lakini kalamu ya mwenye wivu haina breki. Akaandika mengine, ya nyuma, mpaka ya utotoni, na alipomaliza alijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika.

*

Kesi ilisikilizwa ndani ya wiki mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nchi hiyo, nalo lilizua hofu kwamba mahakama imeanza kupapia. Mabruki alishtakiwa kwa kustarehe hadharani kabla ya wakati, na kwa kusababisha mate kwa Wastahimilivu.

Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua. Mwendesha mashtaka alileta kizimbani sufuria ya Asumini, ikiwa na pilau ya siku hiyo, kama kielelezo cha kwanza. Mtaalamu wa serikali aliinusa, akathibitisha kwamba ni pilau. Hakimu, kwa sababu ya mafua, alilazimika kuionja. Aliionja mara nne ili kuondoa shaka.

Akaitwa shahidi, Bi Mwanakheri. Alikataa kiti.

"Bibi," alisema mwendesha mashtaka, "ni kweli mshtakiwa alikuwa akikupa chakula?"

"Kweli."

"Chakula cha sasa?"

"Baba, mimi sijapata kula cha jana wala cha kesho."

"Lakini wewe ni mama wa Mstahimilivu! Unaye mwana aliyekuwekea ng'ombe mzima! Hukuweza kusubiri?"

Bi Mwanakheri alimtazama kijana huyo. "Una bibi?" aliuliza.

"Alifariki."

"Alikuwa akisubiri nini?"

Mwendesha mashtaka alipekua karatasi zake kana kwamba jibu limo humo. Kisha, ili kurudisha heshima ya shtaka, akaomba barua ya Mwananchi Mwema wa Kumi na Nne isomwe yote. Karani akasimama akasoma kwa sauti ya redio. Alisoma vicheko, akasoma harufu. Kwenye ukurasa wa tano akasoma: "Na tabia hii si ya leo. Mtu huyu, siku tulipotahiriwa, alijikaza asilie kwa makusudi ili mimi nionekane mwoga mbele ya watu."

Vichwa vya Kitopeni nzima viligeuka kwa pamoja, vikamtafuta Shomari, vikampata. Mtu mmoja wa nyuma akaanza kucheka, wakamfuata wote, hakimu naye akacheka mpaka akapiga chafya. Wawili tu hawakucheka. Mabruki alikuwa anautazama ubao wa kizimba. Na Bi Mwanakheri alifumba macho, akasimama hivyo hivyo, ameegemea bakora kwa mikono miwili.

"Nililia usiku," Mabruki alisema polepole, lakini hakuna aliyeandika.

Hukumu ilisema hivi: kuanzia siku hiyo Mabruki atakuwa Mstahimilivu kwa lazima. Benchi itaondolewa. Hatakula nje, hatacheka zaidi ya kiasi, na atanyoa watu bila mazungumzo hadi Kesho itakapofika. Akafungwa mshipi wa kijani begani.

Shomari akanyoosha mkono, amesahau hata kuona aibu. "Mheshimiwa Hakimu. Kama sasa ni Mstahimilivu... ina maana na yeye atapata ng'ombe?"

"Sheria haibagui," hakimu alijibu, akiomba sufuria irudishwe mbele kwa uchunguzi wa mwisho.

*

Basi Shomari akapata alichokitaka. Mama yake alishinda nyumbani. Hakumgombeza, hakumnunia, hakuitaja ile barua hata siku moja. Alikaa kitandani ameelekea ukuta wa upande wa Mabruki, na uji alipoletewa alikunywa vijiko viwili akasema, "Nimeshiba, mwanangu." Hilo neno ambalo Shomari alilitamani miaka miwili, sasa alipewa kila siku, na kila siku lilimchoma.

Upande wa pili palikuwa kimya. Muuza samaki alipita bila kusimama. Mkasi wa Mabruki tu ndio uliosikika, kachu, kachu, na wateja wake walitoka wamenyolewa vizuri na wamenyong'onyea.

Bi Mwanakheri akaanza kukonda. Kitenge kilichomtosha alikizungusha mara mbili. Shomari alipouona mkono wake umelala juu ya shuka kama kijiko cha mti, alivaa viatu akaenda ofisi ya wizara. Aliomba abadilishiwe: amwache ng'ombe, apewe mbuzi. Hata nusu mbuzi.

"Unataka kutoka Kesho kurudi Sasa," karani alisema. "Inawezekana kabisa. Hilo ni ombi la haraka."

"Ndiyo, ni la haraka."

"Maombi ya haraka yanasikilizwa baada ya miaka minne."

Akaomba basi aifute barua yake dhidi ya Mabruki. Karani alifungua jalada kubwa. Barua hiyo, alieleza, ni mali ya Mwananchi Mwema wa Kumi na Nne, na yeye pekee ndiye anayeweza kuifuta.

"Ndiye mimi."

"Jina lake halitajwi," karani alisema kwa huzuni ya dhati. "Siwezi kukubali kwamba ni wewe."

Shomari alitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu, asipite mbele ya kinyozi.

*

Mwaka wa tatu uliisha mwezi wa kumi na tano, baada ya kuongezwa miezi mitatu ya kujiandaa. Uwanja ulipambwa. Waziri Ngwilizi alifika, safari hii akiwa amechelewa siku moja na nusu, na Wastahimilivu walikuwa wamelala hapo hapo na mishipi yao. Mabruki hakuja. Watu walisema kajifungia.

"Ndugu zangu," Waziri alisema, machozi yakimlenga, "Kesho imefika!"

Lango likafunguliwa akaingia ng'ombe. Alikuwa ng'ombe mzuri kweli, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi, na hereni ya shaba sikioni. Watu walipiga vigelegele, kisha wakatazama langoni kuona wengine. Lango likafungwa.

"Huyu," Waziri alieleza, "anawakilisha. Wenzake wako kwenye mchakato. Kila Mstahimilivu atashika kamba kwa dakika moja kamili, atapigwa picha na ng'ombe wake, atapewa cheti. Kisha ng'ombe ataendelea na ziara mji mwingine, maana Kesho si ya Kitopeni peke yake."

Hakuna aliyepiga kelele. Miaka mitatu ilikuwa imewafundisha. Walijipanga mstari, na wengine walitema mate viganjani wakalaza nywele kwa ajili ya picha.

Shomari alikuwa wa tisa. Bwana Kasembe alisimama pale na saa zake mbili, akisema "Shika" na "Achia". Waliotangulia walishika, wakatabasamu, wakaachia. Zamu yake ilipofika, Shomari aliipokea kamba, ikawa nzito kuliko alivyodhani. Mpiga picha akamwambia asogee kidogo kushoto. Asubuhi ile mama yake alikuwa hakunywa hata kijiko kimoja.

Ng'ombe alikuwa kazungushwa miji kumi na moja bila kukamuliwa. Chuchu zilikuwa zimemvimba, na aligeuza kichwa akamtazama Shomari kwa jicho la mtu mwenye shida.

Shomari akaiachia kamba. Akanyoosha mkono meza kuu, akatwaa jagi la plastiki la maji ya Waziri, akamwaga maji chini, akachuchumaa. Hakuwahi kukamua ng'ombe maishani. Lakini vidole vilivyobana sufi ndani ya magodoro kwa miaka thelathini vina nguvu zake. Maziwa yakatoka, shwaa, shwaa, yakapiga povu.

"Unafanya nini?" Waziri alisimama.

"Nastahimili, Mheshimiwa," Shomari alisema bila kugeuka.

"Huyo ni ng'ombe wa taifa! Kukamua kunahitaji kibali!"

"Bado nina nusu dakika."

Bwana Kasembe alitazama saa ya kwanza, akatazama ya pili, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata taratibu, akakiri kwamba ni kweli. Maofisa walikusanyika kujadili kama maziwa ni ya Sasa au ya Kesho. Walipofika kwenye swali la nani aitishe kikao, Shomari alikuwa amekwisha kuondoka uwanjani. Hakukimbia, maziwa yasimwagike. Mshipi wa kijani ulimteleza begani njiani, na hakuwa na mkono wa kuuokota.

*

Alimwinua mama yake, akamwekea mto mgongoni, akamimina maziwa yenye joto kwenye kikombe. Bi Mwanakheri alinusa kwanza.

"Ya nani haya?"

"Yako, mama."

Alikunywa funda moja, akatulia. Akanywa la pili. La tatu alikaa nalo mdomoni muda mrefu, macho kayafumba, na Shomari aliona koo lake jembamba likipanda na kushuka. Hakupata kuona kitu kizuri kama hicho. Ni mimi, alijisemea. Leo ni mimi.

Mama yake akalitazama jagi. "Yaliyobaki mpelekee Mabruki."

Shomari akalivuta jagi kifuani. "Mama! Haya nimeyapata mimi. Nimeyapata mbele ya serikali nzima. Na wewe unamtaja Mabruki?"

"Ndiyo."

"Kwa nini nisikuwekee unywe kesho?"

"Kesho yatakuwa yameganda," alisema Bi Mwanakheri. "Nenda. Na upeleke mwenyewe, usitume mtu."

Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na mbili. Katika hatua ya nne Shomari alifikiria kuyamwaga. Katika hatua ya saba alifikiria kuyanywa. Kwenye ya kumi na mbili alisimama na jagi, mikono imejaa, ikabidi agonge kwa kichwa.

Mabruki alifungua mwenyewe. Mvi zilikuwa zimemwingia kwa mwaka mmoja tu.

"Nimeleta maziwa," Shomari alisema.

"Ya ng'ombe wako?"

"Ya dakika moja."

Mabruki alilitazama jagi, akaona kwenye mpini limeandikwa MALI YA OFISI YA WAZIRI. Mdomo wake ukaanza kucheza. Akaufunika kwa kiganja, kama mtu aliyehukumiwa, mabega yakitetemeka. Halafu akaondoa kiganja, kikatoka kicheko kikubwa, chenye kutu.

"Mabruki," Shomari alisema, "ile barua..."

"Naijua ile barua. Asumini! Washa jiko. Weka tangawizi."

Chai ilipochemka, harufu ilitoka nje, na sheria ilikuwa mbali uwanjani. Muuza samaki alikuwa wa kwanza kusimama. Mama ntilie alikuja na maandazi, akasema amekosea tena hesabu. Hakukuwa na benchi, wakaketi sakafuni. Bwana Kasembe naye alitokea kona ya mtaa, anahema, ametumwa kukamata jagi. Asumini akampa kikombe, naye akakubali kwamba kielelezo cha majimaji kisipoonjwa kikiwa moto hakina thamani mahakamani.

Ko, ko, ko. Bi Mwanakheri alikuja mwenyewe, akishika ukuta. Shomari akasogea upesi kumpa nafasi kwenye jamvi. Mama yake alimpita, akaketi upande wa Mabruki, akaegemea bega lake.

Shomari aliuhisi tena, ule mchwa, pale pale pa siku zote.

"Mwanangu Mabruki," alisema Bi Mwanakheri, "mmiminie ndugu yako."

Mabruki akammiminia, kisha akajimiminia. Shomari akakitazama kikombe cha Mabruki, akakitazama chake. Cha Mabruki kilikuwa kimejaa zaidi. Akainua chake, akanywa kabla hakijapoa.